Kijiji Kilichojibu Vizuri Sana

Kitendawili. Mtoto anampiga mama yake tumboni, jirani ndiye anayetokwa na machozi. Wapishi mmekwisha kukitegua: mama ni kinu, mtoto ni mchi, na machozi ni ya pilipili. Sisi ndio tunaochonga hivyo vinu vya mawe. Jikoni kwingi, kuanzia hapa ziwani Phayao mpaka Bangkok, kinu kilichopo kimetoka chini ya mlima wetu, ambao upande mmoja tumekwisha kuula ukabaki kama jino bovu.

Nimeanza na kitendawili kwa sababu nimezoea hivyo. Pia nikianza moja kwa moja na lile bango, nitaandika maneno ambayo wajukuu zangu hawapaswi kuyasoma.

Bango lenyewe lilitundikwa kwenye lango la hekalu. La plastiki, la manjano, pana kuliko lango. Limeandikwa kwa herufi nene: KIJIJI BORA, UFAHAMU WA AFYA KAZINI. Pembeni kuna picha ya Fongchan, mkuu wa wahudumu wa afya wa kijiji, anatabasamu meno yote nje. Na ng'ambo ya barabara, nyumbani kwangu, mwanangu Inson alikuwa amekumbatia nguzo ya nyumba, anakohoa, mgongo unapanda na kushuka kama wa mbwa aliyemeza mfupa.

Marehemu mume wangu alichonga kwa patasi na nyundo. Vipande viliruka, vumbi lilianguka miguuni, jioni ukalifagia. Siku hizi wanatumia mashine ya umeme. Jiwe linapiga kelele dakika chache, limekwisha kuwa duara, lakini vumbi halianguki tena. Linaelea. Linakaa kwenye nyusi, kwenye kamba za nguo, kwenye maji ya mtungi. Inson akitoka bandani jioni unaona macho tu. Mengine yote meupe kama aliyemwagiwa unga wa mchele. Mwaka juzi kikohozi kilianza. Mwaka jana akaacha kulala chali. Sasa analala ameketi, ameegemea gunia la nguo.

Zahanati walimpa dawa ya maji ya kikohozi, tamu, mtoto angeipenda. Nesi akamwambia aende hospitali ya mkoa apigwe picha ya kifua. Hakwenda. Mke wake Duangta alimbembeleza, mimi nilimfokea, wala hakwenda. Ana sababu yake, na si ya kijinga. Tajiri anayenunua vinu vyetu ana masikio marefu. Mchongaji akionekana ameshuka basi mbele ya hospitali ya mkoa, habari inamfikia tajiri kabla ya basi kurudi, na msimu unaofuata mawe yanashushwa kwa jirani. Anasema tu anamwonea huruma mgonjwa, apumzike. Tumeona watu walivyopumzishwa.

Kwa hiyo tulikuwa tukilingojea gari. Kuna gari kubwa la serikali lenye mashine ya picha za kifua ndani, linazunguka vijijini. Likija, kijiji kizima kinapanda, mzima kwa mgonjwa, na hakuna anayejua nani alikuwa anaogopa nini. Inson alikwisha kuniahidi. Aliniambia, "Mama, gari likija nitapanda kama wengine. Usiniseme tena mpaka lije." Nikaacha kumsema. Hilo tu ndilo lililokuwa moyoni mwangu mwaka mzima: gari.

Sasa sikilizeni jinsi lilivyotupita.

Alikuja msichana mmoja kutoka chuo kikuu, mwalimu Rawiwan, mpole, kaloa jasho, ana begi zito kuliko yeye. Anapima ufahamu. Si shinikizo la damu, si sukari, ni ufahamu: watu wanaofanya kazi majumbani wasio na bosi wala bima wanajua nini kuhusu kazi inavyowaumiza, wanaweza kuuliza nini, wanaweza kukataa nini. Kila swali lina majibu matano, kuanzia siwezi kabisa mpaka naweza vizuri sana. Alieleza waziwazi kwamba si mtihani. Alieleza mara nyingi, maskini, na kila alipoeleza watu walizidi kuona kwamba ni mtihani.

Fongchan alijua anakuja. Siku moja kabla, aliwaita wachongaji wote kwenye banda la hekalu, akagawa soda, akawafundisha. Akiuliza hivi, semeni hivi. Aliwaambia mgeni ametoka mbali, ni mtoto wa watu, akirudi kwa wakubwa wake na habari mbaya watamfokea, na sisi tutaonekana washamba. Aliwaambia pia kuna tuzo. Lakini tuzo haikuhitajika. Kwetu huku mgeni haambiwi hapana. Mgeni akikuuliza kama umeshiba, umeshiba, hata kama sufuria bado haijaoshwa tangu jana. Akiuliza kama njia ni karibu, ni karibu, na atatembea mpaka jioni akikushukuru. Ndivyo tulivyolelewa, na mimi mwenyewe ndivyo nilivyowalea wanangu.

Mimi sikuulizwa, umri wangu ulipita ule waliotaka. Nilikuwa nikikaanga samaki, dirisha liko wazi, nikamsikia Inson akihojiwa barazani. Je, unaweza kuvaa barakoa kwa namna inayozuia vumbi? Vizuri sana. Unaivaa kila unapochonga? Kila wakati, vizuri sana. Na nyuma ya kichwa chake barakoa yenyewe inaning'inia kwenye msumari wa kalenda, ingali ndani ya nailoni yake, haijafunguliwa tangu siku ilipogawiwa. Rawiwan akauliza tena, anasoma polepole: je, unaweza kumwambia mtu anayekupa kazi kwamba kazi hiyo inakuumiza? Inson akakohoa kwanza. Akakohoa mpaka binti wa watu akaweka kalamu chini akamsubiri. Kisha akasema, vizuri sana.

Mgeni alipoondoka nilimfuata Inson na mwiko mkononi nikamuuliza kama amerukwa na akili. Akanijibu bila hata kunitazama, "Mama, ametembea juani tangu asubuhi. Ulitaka nimwambie nini?"

Mvua zikaja, zikaisha. Siku moja Fongchan akaingia kwangu bila kubisha, kama kawaida yake, akaketi kwenye kigoda changu na kuanza kunisaidia kukata vikonyo vya pilipili. Ana furaha mpaka anakata na pilipili yenyewe. Akanieleza kwamba majibu yametoka. Katika tarafa nzima, kijiji chetu ndicho cha kwanza. Wa mwisho ni watengeneza fagio wa ng'ambo ya mlima. Hao, alisema huku akicheka, walihojiwa siku ya kuvuna nyasi za fagio, wamekasirika, hawakuwa na muda wa adabu. Kila swali wakajibu siwezi, sijui, hatujawahi kuambiwa.

Nikamuuliza, na gari linakuja lini.

Alipunguza sauti kidogo, si sana. Gari ni moja na siku zake ni chache, akasema, kwa hiyo wakubwa wameamua liende kwa wenye ufahamu mdogo. Wale wa fagio. Sisi tunajua, hatuna haja. Sisi tunapewa bango, na yeye cheti, na sherehe.

Nilikuwa nimeshika kisu. Nikakiweka chini taratibu, kwa sababu nilijijua.

"Fongchan," nikamwambia, "mumeo Mueang anakohoa au hakohoi?"

"Wote wanakohoa, dada. Ni vumbi."

"Na wewe umekuja kunipa habari njema."

"Dada Kaeomun, usianze."

"Inson analala ameketi kama kuku. Umemfundisha aseme ni mzima, amesema, sasa gari linakwenda kupiga picha vifua vya watu wanaofunga nyasi. Wewe na picha yako getini. Inuka kwenye kigoda changu."

Akainuka. Akaniambia nina wivu. Nikamwambia wivu wa kitu gani, wa meno yake? Tumekuwa marafiki tangu tukiwa wasichana wa kuchota maji, na alitoka kwangu siku ile akiacha kandambili moja mlangoni, wala hakurudi kuichukua.

Nilizunguka kijiji. Nilimwambia kila mchongaji, sherehe ikifika, semeni ukweli mbele ya wakubwa, labda watabadilisha. Niliwapata wote wakiwa na kazi nyingi ghafla. Mmoja aliniambia ni kweli bibi, ni kweli kabisa, na nilipogeuka nikamsikia akiwasha mashine ili nisirudi. Mwingine mke wake alisema hayupo, na mimi naiona miguu yake chini ya mlango wa choo. Nilisimama pale nikaiambia ile miguu kwamba mkojo una mwisho. Hawakunichukia, waliona haya. Kumfuata mgeni uliyekwisha kumpa jibu zuri na kumwambia ulimdanganya, hilo kwetu ni kama kumpokonya mtu chakula akiwa anatafuna.

Aliyenikasirisha kupita wote ni wangu mwenyewe. Nilimkuta Inson bandani, amejaa vumbi, nikamsemesha mpaka nikaishiwa pumzi mimi niliye mzima. Akasema, "Gari likija nitapanda, mama. Niliahidi. Lisipokuja, si kosa langu." Akawasha mashine. Siku ile, nakiri, niliokota jiwe. Nikalirudisha chini. Yapo mengi sana pale, huwezi kuchagua.

Siku ya sherehe banda la hekalu lilijaa. Mbele aliketi ofisa wa tarafa, shati limepigwa pasi mpaka linakata, na kando yake Rawiwan. Fongchan alivaa sketi ya hariri ya harusi ya binti yake. Ofisa alihutubia kuhusu kijiji cha mfano, na jinsi vijiji vingine vitakavyoletwa hapa kujifunza. Kila alipotua, kikohozi kikajibu kutoka nyuma. Huyu akimaliza anaanza yule, kama vyura baada ya mvua. Ofisa aliendelea kusoma. Nilimwangalia msichana. Yeye alikuwa ameacha kutabasamu, anageuza kichwa kila upande sauti inakotoka.

Baada ya hotuba, kabla ya chakula, huwa wananiita nitege vitendawili, watu wachangamke. Ni mazoea ya miaka. Mwenye kipaza sauti aliniita siku hiyo pia, hakuna aliyemwonya. Nikasimama. Nilikuwa na hasira mpaka masikio yanavuma, lakini nilisema kwa sauti ile ile ninayotumia kwa watoto.

"Kitendawili."

"Tega," wakaitikia, wale wenye roho nyepesi.

"Nina mgeni. Haingii kwa mlango, habishi hodi. Simwandalii wala hali. Nikilala halali. Na tangu aingie, hajatoka."

Kila mtu pale alikuwa anakijua. Mtoto wa darasa la kwanza angekitegua. Watu waliangalia mikeka. Ofisa akacheka kidogo, akasema labda ni panya. Hakuna aliyecheka naye.

Nikasema tena, "Nina mgeni," nikakomea hapo, kwa sababu nilimwona Inson amesimama kule nyuma, ameshika nguzo. Nilidhani anakohoa. Kweli alikuwa anakohoa. Alikohoa mpaka akamaliza, akajifuta mdomo, akasema, "Ni vumbi la jiwe."

Kisha akaja mbele. Mwanangu haongei mbele za watu. Siku ya harusi yake nilimsemea mimi. Alipiga magoti mbele ya yule msichana kama anavyotakiwa mtu anayeomba radhi, akaunganisha viganja, akaanza kuongea akitazama sakafu.

"Mwalimu, nilikudanganya. Ile barakoa sijawahi kuifungua. Siku walipogawa walitupigia picha tumeishika, wakaondoka. Sijui inavyofungwa. Niliambiwa nipige picha ya kifua, sikujua nikifika pale niseme nini, nani nimuulize. Ukaniuliza kama naweza kumwambia anayenipa kazi kwamba kazi inaniumiza. Nikasema vizuri sana." Alitua hapo, kifua kinapiga filimbi. "Mwalimu, mimi sijawahi kumwambia hata mama yangu. Niandike siwezi."

Sikumtazama. Ningemtazama ningelia, na sikutaka ofisa anione nikilia, nilitaka anione hivyo hivyo nilivyokuwa.

Mueang, mume wa Fongchan, akasema kutoka alipoketi, na mimi niandike siwezi. Hakuinuka, aliinua mkono tu kama mtoto shuleni. Halafu yule wa chooni. Halafu wakawa wengi, wanasema chinichini, siwezi, sijui, hatukuambiwa, kama wanaosali. Fongchan alikuwa na cheti mapajani. Alikigeuza kikalala kifudifudi, akakifunika kwa mikono yote miwili.

Ofisa alikohoa kikohozi cha adabu, cha mtu mwenye mapafu mazima. Akasema anasikitika, lakini ratiba imekwisha kutiwa saini, na gari limepangwa kwa kijiji kile kulingana na matokeo.

"Basi mlitupima ili iwe nini?" nikamuuliza. Kipaza sauti kilikuwa bado mkononi mwangu. "Kabla ya mvua mlipima. Mkitukuta wajinga, mtatufundisha. Mkitukuta werevu, mtatuacha tufe. Mheshimiwa, mtu anayejua kwamba anakufa naye anakufa. Hata yeye anahitaji gari."

Akasema bibi tafadhali. Nikamwambia niko hapa, sijaenda popote, tafadhali ya nini.

Rawiwan ndiye aliyeinuka. Hakunitetea kwa maneno makubwa. Alisema mbele ya ofisa kwamba kipimo hicho kimepimwa vibaya na yeye ndiye aliyekipima, kwa sababu aliwauliza watu barazani wakiwa na wahudumu pembeni, badala ya kwenda bandani. Akasema kwamba tangu siku ile barazani kwangu hajakisahau kikohozi cha Inson, lakini kwenye karatasi zake hapakuwa na mahali pa kukiandika. Kisha akasema ratiba ya gari inataja mahali na siku, haitaji majina ya watu. Akarudia sentensi hiyo polepole, akitutazama sisi, si ofisa.

Tulimwelewa.

Siku ya gari, pikapu zetu zote za kubebea vinu ziliondoka alfajiri kuelekea kwa watu wa fagio, bila kinu hata kimoja. Mabanda yakanyamaza. Sikumbuki kusikia kijiji chetu kimya hivyo, hata siku ya mazishi huwa kuna mtu anasaga. Watengeneza fagio walituona tukishuka, weupe wa vumbi kwenye mikunjo ya shingo, wakaanza kututania kwamba werevu wamekuja kufundishwa na wajinga. Mama mmoja wa fagio alinisogezea mkeka wake hata hivyo. Akaniuliza kama tumekula. Nilifungua mdomo kusema tumeshiba, nikaufunga, nikasema hatujala.

Fongchan alikuja kwenye pikapu ya mwisho. Hakuja kwangu. Alisimama kwenye foleni na mumewe, amemshika kiwiko, na nilipompita akanyoosha mguu akanionyesha kandambili mpya. Mpaka leo hatusemezani.

Inson alipanda ngazi za gari, mlango ukafungwa. Nilisikia sauti ikimwambia avute pumzi, azuie. Nikazuia na yangu. Kikohozi kikasikika. Ikamwambia tena avute, azuie. Kikohozi tena. Walirudia, sijui mara ngapi, mpaka mimi kule chini nikawa naona nyota.

Daktari alimkalisha pembeni na mimi nikasogea bila kuitwa. Alisema vumbi limeshika mapafu yote mawili. Halitolewi. Likishaingia limeingia. Lakini akiacha mashine leo, pumzi aliyobaki nayo atakaa nayo muda mrefu. Asipoacha, hatafika mbali. Akampa karatasi ya kwenda mkoani, na mtu wa kumuuliza, kwa jina.

Tulikuwa tungali tumeketi kwenye ukingo wa shamba la nyasi simu yake ilipolia. Ni tajiri. Namjua kwa sauti, anaongea kama ana pipi mdomoni. Anauliza mbona mabanda yamefungwa, watu wa Lampang wanataka vinu kabla ya sikukuu.

Inson akaniangalia. Uso wake ulikuwa safi siku hiyo, nikaona ana mvi. Aliweka simu sikioni akasema, "Tajiri, kazi hii inaniumiza. Nimetoka kupiga picha. Siwezi kuchonga."

Halafu pipi ikasema ooh, pole sana, pumzika, pumzika, nitamtafuta mwingine. Wala hakuuliza inauma wapi. Simu ikakatika.

Nilifungua kikapu, nikamfinyangia mwanangu donge la wali wa kunata, nikalichovya kwenye pilipili ya kuchoma iliyotwangwa kwenye kinu alichokichonga yeye. Nilikuwa na hasira ambayo sijui nitaipeleka wapi; mpaka leo ninayo, ninaamka nayo, ninatwanga nayo. Nilimwambia ale. Hatukuwa tumepanga tutakula nini mwezi unaofuata, na hilo nalo lilikuwa limekaa nasi pale kwenye nyasi.

Alikula. Pilipili ilikuwa kali, machozi yakamtoka, akayaacha yatoke.